Nyuki Masikioni mwa Riziki

Bredäng, Stockholm
Mwezi wa tatu, 2011

Mdogo wangu Esperansi,

Nakusalimu wewe na wote waliomo ndani ya ua wako. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepona, ule ulioniambia unavimba ukirudi sokoni, na kwamba mumeo bado ana nguvu za kupanda shambani. Sisi huku tunaamka. Wifi yako Dorika anaamka polepole kuliko zamani, lakini leo asubuhi alishika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia mpaka akakimaliza. Theluji bado ipo, imekuwa nyeusi pembeni mwa njia, na watu wanaingia kwenye treni wakiwa wamekunja nyuso kana kwamba wameahidiwa kitu kisha wakanyimwa.

Umeona kwamba nimekuita kwa jina lako. Miaka yote nimekuandikia "Mama Riziki", kama watu wote wanavyokuita. Safari hii kalamu ilikataa. Nitakueleza kwa nini, ila niache nifuate mpango wangu, maana unanijua, nikieleza jambo huanzia mbali. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, peke yako, mpaka mwisho, kabla hujamwonyesha mtu.

Ya kwako nilipata. Unasema mama mkwe wako, Bibi Anjelani, sasa haoni, na wale waliokuwa wakimhifadhi kule bondeni wamechoka naye. Mumeo anataka kumrudisha mama yake nyumbani. Wewe umemwambia kwamba siku bibi huyo akiingia kwa mlango wa mbele, wewe utatokea wa nyuma. Halafu ukaniuliza mimi kaka yako: "Yaya, wewe ni msomi, na wewe ulikuwepo. Nimpokee mtu aliyemla mtoto wangu?"

Nimekaa na swali hilo wiki tatu. Nitalijibu. Lakini kwanza nikueleze yaliyompata Dorika, kwa sababu kwenye simu nilikwambia kwa kifupi tu, na bila hayo hutaelewa kwa nini ninakujibu sasa na si miaka ishirini na saba iliyopita.

Unajua moyo wa Dorika hupiga bila utaratibu, na kwa ajili hiyo alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Mwezi wa kumi alilazwa kutolewa mawe ya nyongo. Kabla ya kumpasua mtu, dawa hiyo husimamishwa, damu isije ikatoka bila kukoma. Baada ya kupasua, hurudishwa. Kwake haikurudishwa. Karatasi aliyopewa siku ya kutoka hospitali ilitaja dawa zake zote isipokuwa hiyo. Na mimi niliisoma karatasi ile, Esperansi. Nilikuwa muuguzi miaka kumi na saba, nikaisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Siku ya tisa tulikuwa mezani. Kijiko kilimwanguka. Nikadhani ameteleza kidole, nikainama kukiokota, na nilipoinuka uso wake ulikuwa umeshuka upande mmoja. Kiharusi.

Siku tatu baadaye, tukiwa hospitalini, aliingia daktari kijana, msichana wa rika la binti yetu Neema. Hakusimama mlangoni kama wanavyofanya wenye haraka. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda hata magoti yake yakagusa shuka. Akasema: "Mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ulipotoka. Orodha ya dawa niliiandika mimi. Nilisahau dawa yako moja, na inawezekana sana ndiyo sababu uko hapa. Nimeshaandika ripoti. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

Neema alikuwa akitutafsiria, ingawa mimi na mama yake tunaelewa Kiswidi. Nadhani alitafsiri kwa sababu hakujua afanye nini na mdomo wake. Dorika alimtazama yule binti. Ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe. Mwishowe akatoa neno moja la huku, "tack", yaani asante.

 Mimi nilikuwa nasikia nyuki.

Niache kwanza nikueleze namna mambo haya yanavyokwenda huku, kwa kuwa wakati huohuo nchi nzima ilikuwa ikibishana juu yake. Hapa mgonjwa akiumizwa na matibabu hapeleki kesi mahakamani ili alipwe. Kuna bima ya wagonjwa. Haikuulizi nani amekosea. Inauliza tu kama dhara lile lingeweza kuepukika. Hiyo ni ya zamani na watu wameizoea. Ubishi ulikuwa juu ya adhabu. Zamani kulikuwa na bodi iliyoweza kumpa daktari onyo, na jina lake likajulikana. Bunge likaamua kwamba kuanzia mwaka huu onyo hilo liondolewe. Malalamiko yatapokelewa, lakini yatachunguza kazi ya hospitali ilivyopangwa na kosa lilipitia mlango gani. Ni yule aliye hatari kabisa tu atakayenyang'anywa ruhusa ya kutibu. Hoja yao ni kwamba mtu anayeogopa kiboko huficha kosa, na kosa lililofichwa humrudia mgonjwa mwingine. Wapinzani wao nao wakauliza: mgonjwa akishakufa, aende kuzungumza na mpangilio wa kazi?

Hata kanisani kwetu, kwenye kahawa baada ya ibada, hatukupona. Mzee Barnabasi, Mrundi aliyekuwa karani wa mahakama kwao, aligonga meza. "Yaani daktari akiua mtu aambiwe pole, jaribu tena wiki ijayo?"

Mama mmoja wa Bukavu anayehudumia wazee huko Farsta akamjibu bila kugeuka: "Mzee Barnabasi, wewe unaharibu tenzi kila Jumapili mwaka wa nane huu. Nani amekupa onyo?"

Watu wakacheka. Barnabasi naye akacheka, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini tenzi haijazika mtu." 

Ndugu yetu Yakobo alipiga simu kutoka Marekani. Unamjua, huanza kujibu kabla hujauliza.

"Yaya, unangojea nini? Huku wakili angekuja mwenyewe mpaka kitandani. Yule daktari amekubali kwa mdomo wake! Hiyo kesi imekwisha."

Nikamwambia huku hakuna kesi ya namna hiyo.

"Basi hiyo ni nchi gani? Mtu amemvunja mke wako, halafu anakunywa kahawa?"

Akanieleza kwamba kwao pia wanasiasa wanavutana. Wengine wanataka kiasi kinachotolewa na mahakama kiwekewe mpaka, kwa sababu, wanasema, madaktari wanaacha kazi kwa kuogopa kesi na wanampima mgonjwa vitu asivyohitaji ili kujikinga tu. Wengine wanasema mahakama ndiyo mahali pekee ambapo mtu mdogo anaweza kumlazimisha daktari kujibu, na kwamba ukiweka mpaka umemfungia mlango aliyeumia zaidi. Nilisikiliza na nikaona kila upande una haki yake. Lakini jambo moja alilolisema kama mzaha halikunitoka. Alisema kuna majimbo yaliyotunga sheria kwamba daktari akimwambia mgonjwa pole, pole hiyo haitatumiwa dhidi yake mahakamani. Fikiria, mdogo wangu. Watu wamefika mahali pa kuhitaji sheria ili mtu aweze kusema pole.

Mwezi wa kumi na mbili Neema alileta fomu ya malalamiko. Alikuwa ameijaza yote, kwa mwandiko ule wa shule ya huku usio na mkunjo. Akataka tuipeleke kabla mwaka haujaisha, ili ile bodi iishughulikie kwa utaratibu wa zamani na daktari apate onyo lake. Mama yake akakataa kutia sahihi. Alisema kwa shida, neno kwa neno: "Alikuja. Aliketi." Kwake ilikuwa imetosha.

Neema akanigeukia mimi. Alinisemesha kwa Kiswidi, kama kawaida yake anapokasirika.

"Baba, alikuja kwa sababu hapa kukiri hakumgharimu kitu."

"Inawezekana," nikasema.

"Na wewe unamtetea kwa sababu ulikuwa muuguzi. Mnalindana."

"Simtetei."

"Sasa niambie. Mtu akikosea, na hakuna aliyeona, na hakuna wa kumuuliza, ana sababu gani ya kusema?"

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliiweka mezani. Friji ilikuwa inanguruma pembeni, na mngurumo ule ukawa sauti ninayoifahamu. Neema akachukua fomu yake akaondoka. Haikupelekwa. Mpaka leo ananiamkia kwa adabu, na adabu hiyo ni baridi. Simlaumu. Huenda asiyeogopa kitu akawa mzembe vilevile, na mama aliyemzaa Neema ndiye asiyezungumza tena sawasawa.

Sasa nimefika.

Unamkumbuka Riziki alivyoletwa zahanati, mgongoni kwako, moto kama chungu. Ilikuwa baada ya saa sita mchana. Ilikuwa malaria, hilo ni kweli, na kwinini ndiyo iliyokuwa dawa yake, hilo pia ni kweli. Tuliipata katika vile vichupa vya kioo vya kuvunja shingo. Mkono wangu ulizoea: mtoto wa miaka minne, nusu kichupa ndani ya chupa ya seromu, yale maji ya mshipani, tone kwa tone, kwa muda wa saa nne. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi hata sikuwa natazama tena. Wiki ile daraja lilikuwa limebomoka, sanduku la dawa la misheni halikufika, na badala yake tulipewa sanduku la msaada kutoka kwingine. Vichupa vilikuwa na ukubwa uleule na rangi ileile. Dawa iliyokuwa ndani ilikuwa kali mara mbili. Iliandikwa kwa Kifaransa, pale pale kwenye kioo, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Mimi Kifaransa nilikijua. Sikusoma.

Na si hilo tu. Wagonjwa walikuwa wengi, na ndoano za kutundikia seromu zilikuwa mbili. Nilifungua tone likimbie, nimalize mapema, nimtundikie mwingine.

Wewe ulikuwa umemshika mkono. Alisema, "Mjomba, kuna nyuki masikioni mwangu." Ulisikia. Wote chumbani walisikia. Mimi peke yangu ndiye niliyejua maana yake, kwa kuwa hiyo ni alama ya kwinini, tulifundishwa mwaka wa kwanza: dawa ikiwa nyingi, masikio hulia. Ilikuwa nafasi ya kufunga mrija. Nilimwambia, "Nyamaza, mama, utapona," nikaenda kitanda cha pili. Niliporudi moyo wake ulikuwa unasimama.

Baada ya ninyi kumbeba na kwenda naye, nilikusanya takataka. Ndipo nilipokisoma kile kichupa. Nilikitia mfukoni, na jioni ile, kabla ya kuja kwenye kilio, nilikitupa ziwani. Katika daftari la zahanati niliandika "malaria ya kichwani". Mwandiko wangu ni mzuri, unajua. Neno lile liko pale limenyooka.

Yaliyofuata unayajua, lakini sasa yasikilize upya. Bibi Anjelani alikuwa na mizinga yake na alikuwa akiuza asali. Siku moja kabla alikuwa amempa mjukuu wake kijiko cha asali. Watu wakaunganisha: bibi ni mchawi, nyuki wake wameingia masikioni mwa mtoto. Hakuna aliyekuwa na sababu nyingine ya kushika, kwa sababu yule aliyekuwa nayo alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanaume akinywa chai. Siku ya nne Yakobo na vijana wenzake walichoma mizinga yake, halafu jikoni kwake. Bibi alipita njiani akihama na beseni moja kichwani. Alisimama mbele ya zahanati. Nilikuwa mlangoni. Aliniambia, si kwa kelele: "Muganga, wewe ndiye uliyekuwa naye. Waambie."

Nilimjibu: "Nenda, mama. Watu wana hasira."

Akaenda. Hiyo ndiyo sauti yangu ya mwisho aliyoisikia.

Basi jibu la swali lako ni hili. Bibi Anjelani hakumla mtoto wako. Alimpa asali kwa kuwa alimpenda. Aliyemuua Riziki ni mimi, kwa haraka na kwa kutosoma, na kisha nikakuacha umchukie asiyehusika miaka ishirini na saba, huku nikikuandikia "Mama Riziki" juu ya kila barua kana kwamba nina haki ya kulitamka jina hilo.

Zamani nilijiambia ninanyamaza kwa woga. Wakati ule kulikuwa na askari, na muuguzi aliyeua mtoto asingefika kwa hakimu akiwa mzima. Ilikuwa kweli. Lakini mabishano haya ya huku yamenivua nguo hiyo. Wanasema ondoa woga, na mtu atasema. Mimi woga uliondolewa zamani. Nina miaka kumi na mitano katika nchi hii, hakuna askari anayenijua, na bado sikusema. Nilipokuwa nahudumia wazee, kabla ya kustaafu, nilisoma kila kidonge mara tatu kwa sauti, wenzangu wakacheka, wakasema Ezekieli anasalimiana na dawa. Waliniona mwangalifu. Nilikuwa mtu anayesikia nyuki kwenye lifti, kwenye mabomba ya joto, kwenye treni inapoingia chini ya ardhi. Kilichobaki baada ya woga ni aibu, na hiyo hakuna bunge linaloweza kuipigia kura.

Mwezi wa kwanza nilimwambia Dorika. Nilikuwa namnyoosha vidole, kama alivyotufundisha mtaalamu wa viungo. Nilimweleza yote, tangu daraja mpaka beseni. Alisikiliza akiwa ameangalia mkono wake. Kisha akainua mkono wa kushoto, ulio mzima, akanionyesha vidole vitatu.

"Yule binti... siku ya tatu," akasema.

Nikaitikia.

Akaninyooshea kidole. "Na wewe?"

 Barua yako ilifika mwezi uliofuata.

Yakobo nimemwambia pia, kwa simu. Safari hii alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yaya, kiberiti kilikuwa changu," akakata. Hajapiga tena. Neema nitamwambia Jumapili, baada ya kuitia barua hii posta, nisije nikapata kisingizio cha kuingoja hasira yake ipoe.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ningekuwa nakupa kazi juu ya msiba. Nakuomba jambo moja tu, na ni kwa ajili ya Bibi Anjelani, kwa sababu ni mzee na siku zake si nyingi. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, nimeiandika kwa herufi kubwa. Ni fupi. Inasema nilichofanya, jina langu, na kwamba yeye hana hatia. Mumeo amsomee mama yake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sauti ya kutosha, maana huenda masikio nayo yamepungua. Kisha isomwe kanisani, mbele ya waliokuwepo na ya watoto wa waliokwisha kufa. Wakiuliza kwa nini sikuja mwenyewe, waambie nitakuja Dorika atakapoweza kubaki bila mimi, na kwamba watakalonifanyia nitalipokea. Huku nimeona kwamba mtu anaweza kuvuta kiti na kuketi. Nitaketi.

Na Bibi akiingia kwako, Esperansi, usitoke kwa mlango wa nyuma. Kama ni lazima mtu asiwemo ndani ya nyumba hiyo, jina langu ndilo litoke.

Nisalimie Baba Riziki, shemeji yangu, ambaye nilimnyang'anya binti na mama ndani ya siku nne. Nisalimie wanao waliozaliwa baadaye, ambao hawakupata kuonja asali ya bibi yao. Wasalimie majirani wa upande wa ziwa na mchungaji. Dorika anakusalimu kwa mkono wake wa kulia. Alama hiyo iliyopinda hapo chini ameiandika yeye, imemchukua muda.

Na msalimie Bibi Anjelani. Nimepitia nakala za barua zangu zote kwako. Hakuna hata moja niliyomtaja katika salamu. Mwambie anasalimiwa na yule wa mlangoni.

Mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ile,

Ezekieli